Maswali Yenu: Amanojaku, zimwi lisilovunja mlango

Mazimwi ya Japani yamewachangamsha wengi, na maswali mengi yamemwangukia huyu mmoja. Haya manne yanatosha kwa leo.

Amanojaku ni jini, shetani au nini hasa?

Mwite zimwi, tutaelewana. Ana sura ya oni, yale mazimwi ya Kijapani yenye pembe, ila ni mdogo wa umbo. Kazi yake ni uchokozi: anajua unachokitamani kimoyomoyo, kisha anakuchochea mpaka ukifanye. Na ni mbishi kupindukia. Hata leo, mtu anayepinga kila analoambiwa huitwa amanojaku huko Japani.

Ni kweli anakula watoto?

Swali hilo bila shaka linatokana na kisa cha Urikohime, na jibu linategemea anayekisimulia. Bibi na babu wasio na mtoto wanapata tikiti lililoelea mtoni, na ndani yake anatoka msichana, ndiye Urikohime. Anakua, anakuwa fundi wa kufuma nguo. Siku moja wazee wanatoka na kumwonya asimfungulie mtu. Amanojaku huyo mlangoni, sauti ya asali: nifungulie kidogo tu, upenyo wa kupita kucha. Halafu wa kupita mkono. Halafu wa kupita kichwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye kutisha, maana komeo ameliondoa binti mwenyewe.

Kinachofuata kinategemea msimulizi. Wengine husema binti anafungwa juu ya mti wa matunda uitwao kaki, baadaye anaokolewa. Wengine husema anauawa, na zimwi linavaa ngozi yake na kuketi kwenye kitanda cha mfumi kana kwamba hakuna lililotokea. Mara nyingi ndege ndiye anayetoboa siri, zimwi lililojifanya binti likiwa tayari njiani kuolewa! Zimwi linauawa, na kuna wanaosema damu yake ndiyo iliyotia wekundu mashina ya soba, nafaka wanayotengenezea tambi.

Asili yake ni wapi?

Wengi humhusisha na Amenosagume, mwanamke anayetajwa katika Kojiki, kitabu cha hekaya za kale za Japani cha mwaka 712. Miungu ilimtuma mwenzao, Amewakahiko, duniani, akakaa miaka minane bila kuleta habari. Ikamtuma ndege kumuuliza. Amenosagume akamwambia bwana huyo kwamba mlio wa ndege yule ni mbaya, amuue. Akafyatua mshale, ukamtoboa ndege ukafika mbinguni. Ukarushwa chini, ukamuua mpigaji. Mchochezi hakushika hata upinde.

Hakuna anayemweza?

Wapo. Kwenye mahekalu ya Kibudha utaona sanamu za Wafalme Wanne wa Mbinguni, walinzi wa dini hiyo, wakikanyaga vijizimwi, na vijizimwi hivyo huitwa pia amanojaku. Katika hekalu la Kofukuji, mjini Nara, viwili vimesimamishwa na kupewa kazi: kimoja kimebeba taa begani, kingine, kilichochongwa na Koben mwaka 1215, kimeiweka kichwani, joka limekizunguka mwilini.