Swali nililomuuliza kwanza

"Umewagusa watoto?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyonitoka siku kijana niliyemlea kwenye kwaya aliponiambia kwamba tangu ana miaka 12 moyo wake huvutwa na wanaume. Wakati huo alikuwa na miaka 22. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, wenzake wameshaondoka, yeye akabaki kunisaidia kukunja majoho. Alikunja moja, akalikunjua, akalikunja tena, ukosi kwa ndani, mikono juu, kama nilivyowafundisha. Kisha akasema, "Mama, nina jambo, na sijui nilipeleke kwa nani." Nikamwambia aseme, akasema. Nami, mlezi wa vijana, mpangaji wa mikesha ya maombi, nikamuuliza kama amewagusa watoto wa shule ya Jumapili.

Aliniangalia kwa muda. Akajibu kwa sauti ya chini, "Hapana, mama." Akaliweka lile joho juu ya mengine, akaaga.

Nakuandikia wewe ambaye siku moja mwanao, mdogo wako au mwanakwaya mwenzako atakujia na jambo kama hili. Litakukuta hujajiandaa, ilhali yeye atakuwa amehesabu miaka kabla ya kufungua mdomo. Utakachokisema katika dakika tano za mwanzo atakibeba popote aendapo.

Swali langu lilikuwa baya kwa sababu halikuwa swali, lilikuwa shtaka. Kuvutiwa na mtu mzima wa jinsia yako ni jambo moja. Kumdhuru mtoto ni uhalifu, na wanaoufanya wapo wa kila aina, wakiwemo wanaume wenye wake na vyeo vya kuheshimiwa. Kanisa linalotaka kulinda watoto lina wajibu wa kuweka taratibu zinazomhusu kila mtu mzima anayekaa nao, mimi mwenyewe nikiwemo. Mimi sikuwa nalinda mtoto yeyote jioni ile. Niliogopa, na hofu yangu ikamvika yule kijana vazi la mtu mwingine.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili nililifanya nikiwa nimepiga magoti.

Nilimweleza mwenzangu wa maombi. Nilijifariji kwamba sikutaja jina, nilisema tu "kijana mmoja wa sauti ya tatu ana vita nzito, tumwombee." Sauti ya tatu ilikuwa na vijana wanne. Yule mwenzangu akaomba na mumewe, mumewe akamshirikisha mzee mmoja wa kanisa, na kila aliyepokea aliongeza kidogo. Jumapili ya tatu kijana alipokaa, waliokuwa kwenye benchi lake wakaanza kusogea, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotafuta mahali pa kusikia vizuri. Kabla ya wimbo wa pili alikuwa amebaki peke yake na kitabu chake cha nyimbo.

Akaitwa mbele ya wazee. Akaambiwa apumzike kuimba kwanza. Kisha ukapangwa mkesha wa kumfungua. Tulimzunguka, tukamwekea mikono, tukakemea hadi saa tisa usiku, mpaka akaanguka, na watu wakapiga vigelegele kwamba ameshawekwa huru. Mimi nililia kwa furaha. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alijiachia aanguke kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma na alitaka kwenda nyumbani.

Miezi miwili baada ya mkesha ule alihama, na hakumuaga mtu.

Kuna watu watauliza, je, unasema siyo dhambi? Nitajibu wazi, maana kukwepa swali hili ndiko kunakofanya watu wasikuamini ukiongea juu ya huruma. Naamini Maandiko yanaweka tendo la ndoa kati ya mume na mke waliooana. Nimesoma Walawi 18:22, nimesoma Warumi 1:26-27, sijazifuta. Wapo Wakristo wanaozisoma vingine, na baadhi ya makanisa yamebadili msimamo. Methodisti wa Marekani, kwa mfano, waliondoa katazo lao mwaka 2024. Mimi sijafika huko. Ila nimegundua kwamba nilikuwa nazisoma aya hizo kama mtu anayesoma barua ya jirani, na kumbe ilikuwa imeandikwa kwangu.

Chukua hiyo Warumi 1. Ukishapita mstari wa 27, usifunge kitabu. Endelea. Mtume Paulo anaorodhesha husuda, fitina, hadaa, majivuno, na katikati ya orodha hiyo wapo wenye kusengenya. Nilipofika hapo, kalamu ya wino mwekundu mkononi, nilikumbuka "kijana mmoja wa sauti ya tatu." Kisha sura ya 2 inaanza kwa kumgeukia msomaji: wewe mtu unayehukumu, huna udhuru. Paulo alijua kabisa kwamba kufikia hapo msomaji wake angekuwa anatikisa kichwa akiwafikiria wengine.

Nenda na 1 Wakorintho 6:9-10, aya ambayo nimeisikia ikisomwa kwa sauti kali kuliko nyingine zote. Wamo wafiraji na walawiti, ndiyo. Wamo pia wazinzi, wevi, watamanio, walevi, watukanaji na wanyang'anyi. Kanisani kwetu alikuwepo bwana mwenye nyumba mbili, kila mtu akijua, na kiti chake kilikuwa mbele. Hakuna aliyesogea mbali naye kwenye benchi. Na sisi tuliomwita kijana majina mabaya kwenye korido tulikuwa ndani ya aya ileile, mstari wa chini kidogo. Hata Sodoma yenyewe, ambayo jina lake tunalirusha kirahisi, nabii Ezekieli (16:49) anaitaja kwa kiburi, shibe na raha, na kwa kutoutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji.

Neno nalo. Bibi zetu waliitana "shoga" kwa mapenzi, maana yake rafiki wa ndani, mwanamke mwenzako unayemwambia siri zako. Leo limegeuzwa jiwe. Nimeacha kulitumia kwa mtu yeyote ambaye hajajiita hivyo mwenyewe, na nakuomba nawe uliache. Mwite kwa jina lake.

Usidhani huruma hii ni jambo la watu waliolegea kiimani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kwenye kifungu cha 2357, inafundisha kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayakubaliki kabisa. Kifungu kinachofuata, cha 2358, kinaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na ubaguzi wowote usio wa haki dhidi yao uepukwe. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana kwenye Mkutano wa Lambeth mwaka 1998, azimio lao la 1.10 lilisema matendo hayo hayapatani na Maandiko, na azimio hilohilo likawataka wasikilize simulizi za watu wenye mvuto huo na kuwahakikishia kwamba Mungu anawapenda. Nusu ya kwanza ya hati hizi tunaijua kwa kichwa. Nusu ya pili nilikutana nayo nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Na mwaka 2023 Papa Francis, akiwa bado anafundisha kwamba matendo hayo ni dhambi, alisema kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si jinai. Dhambi na jinai ni vitu viwili, na anayeshangilia mtu kupigwa au kufungwa kwa jina la Yesu inabidi atuonyeshe Yesu alifanya hivyo wapi.

Sasa, atakapokuja kwako.

Kabla hujasema lolote, mshukuru kwa kukuamini. Naijua nguvu ya kutaka kuhubiri papo hapo. Meza mate, subiri. Mwulize amekuwa akibeba jambo hili peke yake kwa muda gani. Mwulize kama kuna mtu anayemtisha. Na uliza swali ambalo wengi wetu tunaliogopa: kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo, kunampa ruhusa ya kusema ukweli. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, ondoa vitu vya hatari, na mtafute daktari au mshauri anayejua kazi yake na anayejua kutunza siri. Mafundisho juu ya Walawi yatakuwepo hata mwezi ujao. Mwanao lazima awepo pia.

Siri yake ni yake. Usiigeuze kuwa ombi la maombi. Ukitaka kumwombea, omba chumbani mwako, Mungu analijua jina lake bila wewe kulitaja kwenye kikundi. Ukiona huwezi kubeba peke yako, mwombe yeye ruhusa kwanza, na mkubaliane ni nani ataambiwa na ataambiwa nini.

Usimwahidi kwamba atabadilika. Hapa nasema kwa uchungu, maana sisi tulimwahidi. Shirika la Kikristo la Exodus International lilianzishwa Marekani mwaka 1976 likiwa na ahadi hiyo. Mwaka 2013 lilifungwa, na kiongozi wake, Alan Chambers, akaomba radhi hadharani kwa maumivu yaliyosababishwa. Mwenyewe alikuwa ameshakiri kwamba wengi mno aliokutana nao mvuto wao haukuwahi kubadilika. Walitumia miongo kadhaa, wakiwa na vitabu, makambi na washauri. Sisi tulidhani usiku mmoja unatosha. Kijana aliyeambiwa amefunguliwa, kisha akaamka Jumatatu na moyo uleule, anabaki na majibu mawili tu: ama Mungu amemkataa, ama yeye ndiye mwongo. Naamini Mungu aweza yote. Ndiyo maana sithubutu tena kutoa tarehe kwa niaba yake.

Na tafadhali, usimwoze ili "atulie." Nimekaa na mama aliyeolewa kwa mpango wa namna hiyo. Alimaliza miaka tisa akidhani ana kasoro mwilini. Alibadilisha mafuta, nguo, mapishi, namna ya kulala, akimsubiri mume ambaye hakuwahi kumgeukia. Hakuna aliyemwambia. Familia zote mbili zilijua na zilimtumia yeye kama dawa. Yule naye ni binti wa Mungu.

Mzazi, usimfukuze. Ukishamfungia mlango, anayempokea ni yule aliyekuwa anangoja kijana asiye na pa kulala. Unaweza kuwa na msimamo wako nyumbani kwako, ukauongea kwa heshima, na bado sahani yake ikawa mezani. Mtoto aliyelelewa kanisani anaijua misimamo yako tangu utotoni, huna haja ya kumkumbusha kila asubuhi.

Wengi hunirudisha Yohana 8, kwa yule mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi, wakisisitiza "usitende dhambi tena." Ni kweli Yesu alisema hivyo. Lakini angalia mpangilio. Kwanza waliokuwa na mawe waliondoka, mmoja mmoja, wakianzia wazee. Kisha akamwambia, "Wala mimi sikuhukumu." Lile neno la mwisho lilisemwa na mtu aliyekuwa amesimama kati yake na mawe. Mimi nilitaka kulisema nikiwa na jiwe langu mkononi.

Ilinichukua miaka sita kumtafuta. Nilipata namba yake kwa dada yake, nikamwomba kwanza amuulize kama yuko tayari kuongea nami. Kama na wewe umeshamuumiza mtu, usimpigie ghafla, na usiende na "lakini" mfukoni. Nilikuwa nimeandika maelezo ya kurasa mbili, hofu yangu, malezi yangu, shinikizo la wazee. Nikayachana. Nikamwambia: nilikuuliza swali la kukudhalilisha, nikaitoa siri yako, nikakuacha peke yako kwenye benchi. Nisamehe.

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mama, kwamba ni dhambi nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe kila siku kwa miaka kumi. Hilo halikuniumiza. Wale watoto nilikuwa nawafundisha nyimbo. Nilivyotoka pale niliogopa hata kumbeba mtoto wa dada yangu."

Sikuwa na la kujibu, na sikujaribu.

Hajarudi kanisani, na mimi sijamwambia arudi. Huwa ananipigia mara moja moja. Majuzi aliuliza tunaandaa wimbo gani kwa Pasaka, nikamtajia, akauimba kidogo upande wa pili wa simu, sauti ya tatu, kama zamani. Halafu akauliza kama bado wanachelewa kuingia kwenye kiitikio. Nikamwambia ndiyo, bado wanachelewa.