Mwalimu, mwanangu aruhusiwe kikokotoo?

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kikokotoo, chombo ambacho walimu wengi wa Hisabati tunakichukulia kama adui. Nimefundisha sekondari miaka ya kutosha kuona kinavyoharibu na kinavyosaidia, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mwanangu yuko darasa la nne. Mjomba wake kamletea kikokotoo, na sasa hesabu za nyumbani anazimaliza kwa dakika tano. Nimnyang'anye? (Mzazi, Morogoro)

Usimnyang'anye, mzazi mwenzangu. Kitunze wewe. Afanye hesabu zake kwa kalamu mpaka mwisho, kisha umpe kikokotoo ajisahihishie mwenyewe. Akikosa, arudi kwenye daftari atafute alipoteleza. Hapo kinakuwa msahihishaji wake.

Una haki ya kuwa na wasiwasi kwa umri huo. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Ray Hembree na Donald Dessart, walikusanya tafiti 79 kuhusu vikokotoo mashuleni. Kwa jumla waliona kwamba wanafunzi waliotumia vikokotoo pamoja na mafundisho ya kawaida hawakuzorota, na wengi walipanda. Darasa moja tu lilikwenda kinyume, nalo ni la nne: pale matumizi ya mfululizo yalionekana kuwarudisha nyuma wanafunzi wa kawaida katika stadi za msingi. Uingereza nako, kuanzia 2014, watoto wa miaka 10 na 11 hufanya mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi bila kikokotoo. Kwa hiyo tebo kwanza. Ukimuuliza saba mara nane, 56 imtoke kama anavyotaja jina lake.

Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne hukataza vikokotoo. Kwa nini nipoteze vipindi kuwafundisha? (Mwalimu, Singida)

Ni kweli, mwalimu. Kwa miaka mingi karatasi ya Basic Mathematics ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, imeruhusu kitabu cha jedwali na kukataza vikokotoo. Lakini wanafunzi walewale wakiingia kwenye Fizikia na Kemia wanaruhusiwa kutumia visivyo vya programu, na wengi wanakishika kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wenzetu wa Kenya huruhusu vikokotoo kwenye Hisabati ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ila utakuta maswali yanayodai jawabu bila jedwali wala kikokotoo. Napenda mpango huo, kwa sababu unampima mwanafunzi pande zote mbili.

Sababu yangu kubwa zaidi ni hii. Siku moja niliandika ubaoni 19.8 × 5.1 na kuwaruhusu watumie kikokotoo. Binti mmoja wa mstari wa mbele, tena hodari, aliandika 1009.8 akapiga mstari chini yake mara mbili. Nukta ya 19.8 haikubonyea. Jirani yake akanakili, na wa nyuma yao akanakili. Nikauliza: 20 mara 5 ni ngapi? Darasa zima likaitikia, "Mia!" Kimya kikafuata, halafu vifutio vikaanza kusikika. Yule binti alijua 20 mara 5 kabla hajagusa kitufe chochote. Hakuna aliyewahi kumzoesha kujiuliza. Tangu siku hiyo, darasani kwangu hakuna anayebonyeza kabla hajaandika makadirio yake pembeni kwa kalamu, nami nayapa maksi makadirio hayo.

Nina wanafunzi 64 na vikokotoo saba. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kigoma)

Saba vinatosha. Gawa makundi saba ya tisatisa au kumikumi, na kila mmoja awe na kazi: mmoja anabonyeza, mmoja anaandika, waliobaki wanatabiri jawabu kwa sauti kabla halijaonekana. Anayebonyeza abadilishwe kila hesabu, la sivyo kitabaki mkononi mwa mbabe wa kundi.

Kisha wape kitu ambacho bila chombo hicho kingekula wiki nzima. Wagawanye 10 kwa 1, halafu kwa 0.1, kwa 0.01, kwa 0.001. Wataona 10, 100, 1,000, 10,000. Watoto waliokaririshwa kwamba kugawanya hupunguza hushtuka kweli. Waache wabishane. Waulize: kigawanyo kikizidi kuwa kidogo, jawabu linaelekea wapi? Ndipo uwaambie wagawanye 10 kwa 0 kabisa. Kioo kitaandika neno la kosa, na mara hii watakuwa na hamu ya kujua kwa nini. Mimi nilifundishwa "haigawanyiki kwa sifuri" kama amri. Hawa wameifuata njia hadi ukingoni wakaona wenyewe.

Somo la pili: chagua namba yoyote kubwa kuliko 1, utafute kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha jawabu hilo, uendelee. Makundi yote saba yataikaribia 1, hata lililoanza na milioni. Usiwaambie mapema.

Shikamoo mwalimu. Nikitafuta sin 30 napata −0.988, wenzangu wanapata 0.5. Kikokotoo kimeharibika? (Mwanafunzi, kidato cha nne)

Marahaba mwanangu. Ni kizima, ila kinapima pembe kwa radiani badala ya nyuzi. Radiani 30 ni mizunguko minne kamili na zaidi ya robo tatu ya mwingine, ndiyo maana umepata hasi. Tazama juu ya kioo: ukiona R ndogo badala ya D, bonyeza MODE mpaka zitokee Deg, Rad, Gra, uchague Deg. Ukipata 0.454 kiko kwenye Gra, kipimo kingine cha pembe. Jaribu sin 30 kila ukikaa mtihanini, hata kama kikokotoo ni chako.

Kikokotoo cha dukani kwangu kinasema 2 + 3 × 4 ni 20, cha mwanangu kinasema 14. Nani mkweli? (Mfanyabiashara, Tanga)

Cha mwanao. Kinafuata MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Chako hufanya kila kitu kwa mpangilio ulioubonyeza, kwa hiyo anza na 3 × 4, kisha ujumlishe 2.

Kidato cha pili niwafundishe nini chenye faida mtaani? (Mwalimu, Mbeya)

Mikopo. Shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, mkopaji asirejeshe chochote kwa mwaka. Waulize deni litafika ngapi. Wengi watasema 220,000, na kama riba haizai riba wamepatia. Sasa wazidishe 100,000 kwa 1.1 mara kumi na mbili, wakiandika kila mwezi kwenye daftari: 110,000, 121,000, 133,100... Mwezi wa nane deni limeshapita 214,000, yaani zaidi ya mara mbili. Mwezi wa kumi na mbili ni 313,843. Kwa kalamu pekee wangechoka mwezi wa tano, wasiuone mlima unavyosimama. Waambie wapeleke jedwali hilo nyumbani, wawaonyeshe mama zao walio kwenye vikundi vya kukopeshana.