Ni Vietnam, si Indonesia

Wengi hudhani Indonesia ndiyo inayotumia chuma kingi zaidi Kusini-Mashariki mwa Asia, kwa kuwa ina watu wengi. Hapana ndugu, wingi wa watu hautoshi. Indonesia ina watu kama milioni 280, lakini mlaji mkubwa wa chuma ukanda huo ni Vietnam yenye watu milioni 100 hivi. Vietnam hutumia zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka, yaani kilo 200 na ushee kwa kila mtu, wakati Indonesia haijafika hata kilo 100.

Sababu kubwa ni ujenzi: nondo za barabara za mwendo kasi, maghorofa na viwanda vinavyohamia huko kutoka China. Thailand ndiyo iliyokuwa mbele zamani, ila chuma chake kingi ni cha bamba, kinaingia kwenye magari. Mwaka 2024 iliunda magari chini ya milioni 1.5, na viwanda vikipunguza magari, bamba nazo zinadoda.

Kinachowachanganya wengi ni Morowali, eneo la viwanda kisiwani Sulawesi. Indonesia inayeyusha chuma kisichoshika kutu kwa wingi mno, lakini sehemu kubwa inapakiwa melini, kwa hiyo ni uzalishaji, si matumizi.

Takwimu za SEAISI, taasisi ya chuma ya ukanda huo, mimi huzisoma kwa tahadhari kidogo. Hesabu ya matumizi ni uzalishaji, jumlisha kilichoagizwa kutoka nje, toa kilichouzwa nje. Nondo zilizolala ghalani nazo zinahesabika kuwa zimetumika.