Nakisi si deni

SWALI: Naandika habari katika redio moja hapa Voi. Niliandika "serikali kupunguza upungufu wa bajeti", mhariri akabadilisha kuwa "kupunguza nakisi". Mwenzangu naye anashikilia "kuziba pengo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri wako ana sikio zuri. "Kupunguza upungufu" si kosa la sarufi, ila mzizi mmoja umeitwa mara mbili mfululizo na sikio linachoka. Nakisi imetoka katika Kiarabu kwa maana ileile ya kupunguka. Itumie, na uchunge ulimi isije ikawa nakshi, maana hiyo ni ya milango iliyochongwa.

Kinachonikera mimi ni kingine. Kila Juni bajeti ikisomwa, nasikia mtangazaji akisema nakisi imepungua, na kabla hajavuta pumzi anaongeza, "kwa hiyo deni la taifa limepungua." Hapana! Hapana kabisa!

Chukua daftari la dukani. Mama anapata 30,000 kwa mwezi, anatumia 35,000. Unga, sukari na mafuta ya 5,000 anaandikiwa. Mwezi wa pili anajibana kwelikweli, anapungukiwa 2,000 tu. Nakisi yake imeshuka kutoka 5,000 hadi 2,000, na anastahili pongezi. Sasa fungua daftari: 7,000. Nenda kamwambie mwenye duka kwamba deni limepungua! Mwezi wa tatu mapato na matumizi yakilingana, nakisi imekwisha, lakini zile 7,000 ziko palepale. Mpaka apate ziada, hata ya 1,000, akailipe, ndipo useme deni limepungua. Itifaki ya Umoja wa Sarafu wa Afrika Mashariki ya 2013 yenyewe imeyatenga mawili haya: nakisi ina kikomo chake cha asilimia 3 ya pato la taifa, deni lina chake cha asilimia 50.

Na mwenzako wa "kuziba pengo" asikimbie, maana hapo ndipo tunapodanganywa zaidi. Mama alipoandikiwa zile 5,000, aliziba nini? Hakuziba kitu, alikopa. Lakini kila siku tunasoma "serikali itakopa ili kuziba pengo". Mwaka 2024 Kenya ilipouondoa Mswada wa Fedha baada ya maandamano, zilikosekana shilingi bilioni 346 hivi zilizotarajiwa kutokana na kodi. Julai 5 Rais William Ruto akatangaza mpango wake: matumizi yakatwe kwa bilioni 177, na bilioni 169 zikopwe. Ukisema zote mbili "zitaziba pengo", umemficha msikilizaji jambo lenyewe alilohitaji kulijua. Zile 177 zinaziba. Zile 169 zinaandikwa daftarini, na zitadaiwa na riba juu yake.

Kwa mkopo, andika "kugharamia nakisi". Neno halina utamu, lakini ni la kweli. "Kuziba" liweke kwa siku ambayo mapato yamepanda au matumizi yamekatwa. Na mwenzako akilileta tena mezani, muulize kabla hamjaenda hewani: linazibwa kwa kukata, au kwa kukopa?