Kabla hujafuta picha za bibi, fungua kwanza YouTube

Agosti huku kwetu Dodoma ni msimu wa zabibu. Mimi nazinunua Mpunguzi, barabara ya Iringa, nazipeleka Dar es Salaam kwa wateja ambao hawatumi hela mpaka waone picha. Na sio picha ya wiki iliyopita. Wanataka ya leo, kreti likiwa wazi, kikonyo cha kichala kionekane bado kibichi.

Siku hiyo nimeinua simu, nimebonyeza, ikaniandikia kwamba nafasi imejaa. Mzee mwenye shamba kasimama ananingoja, vibarua wananingoja, na jua lenyewe ni la saa saba mchana. Nikaingia kwenye galari nikaanza kufuta. Nikaanzia picha za zamani, nikijiambia hizo ndizo siziangalii: msiba wa mwaka juzi, kipaimara cha mtoto wa jirani, bibi yangu kule Kongwa amekaa kwenye kigoda anapepeta karanga. Zilifika kama mia moja na arobaini. Nikarudi kwenye kamera. Imejaa vilevile.

Ikabidi niazime simu ya kibarua mmoja.

Jioni nikapita kwa fundi. Hakuuliza swali hata moja: dawa ni kuflashi, yaani kuusimika upya mfumo wa simu, shilingi elfu kumi na tano, na kila kilichomo kitafutika. Nikamwambia nitarudi. Mpaka leo sijarudi.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mtoto wa dada yangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja Jumapili, shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, nikampa simu kabla hata hajakaa. Galari hakuigusa. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua hifadhi, halafu orodha ya programu, akazipanga kuanzia kubwa. Ya kwanza juu kabisa ilikuwa YouTube, GB 11 kasoro kidogo. Simu yangu ni ya GB 32, na mfumo wa simu wenyewe ulishachukua fungu lake kabla sijaweka hata namba ya mtu.

"Mama mdogo, hizi video zote umepakua za nini?"

Za nini? Katuni za mwanangu, mahubiri ya kusikiliza nikiwa napanga kreti, mapishi ambayo sijawahi kupika hata moja, na vipindi vya kuangalia kwenye treni ya SGR nikienda Dar. Nilikuwa nanunua bando la usiku, na kwa kuwa bando la usiku lisipoisha linakufa, nalazimika kulimaliza. Nabonyeza alama ya kupakua kwenye chochote kilicho mbele yangu, nalala. Asubuhi simu imeshiba na mimi nimesahau.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Video uliyopakua ndani ya YouTube haionekani kwenye galari. Programu inaiweka kwenye chumba chake yenyewe, imefungwa, na hata ukitafuta kwenye mafaili huioni kama video ya kawaida. Kwa hiyo unapofuta picha, unagombana na asiyehusika. Picha moja ya simu yangu ni MB 3 hivi, na zile mia moja na arobaini zote hazifiki hata nusu ya GB moja. Video ya saa moja yenye ubora wa 720 peke yake inaweza kula MB mia kadhaa.

Kuzitoa ni kazi ya dakika mbili. Fungua YouTube, gusa picha yako ya wasifu chini upande wa kulia, tafuta vipakuliwa. Pembeni ya kila video kuna vidoti vitatu, humo ndimo kuna kufuta. Ukitaka zote kwa mpigo, ingia mipangilio ya YouTube yenyewe, sehemu ya vipakuliwa. Ukiwa humohumo punguza ubora wa kupakulia. Mahubiri unayasikiliza tu, 720 ya nini?

Kule kwenye mipangilio ya simu, ukigusa jina la programu, usidanganyike na kitufe cha kufuta kashe. Kashe ni makombo, mafaili ya muda ambayo programu inajiwekea, na video ulizopakua hazimo humo. Cha pembeni yake, cha kufuta data, ndicho cha kuogopa. Kwa YouTube utapoteza vipakuliwa basi, lakini ukikibonyeza kwa WhatsApp na hukuwa na nakala ya akiba, mazungumzo yako na wateja yamekwenda.

WhatsApp ndiyo ilikuwa ya pili kwenye orodha yangu, na nayo nilistahili. Niko kwenye kundi la ukoo, la kwaya, na kamati za harusi tatu ambazo harusi zenyewe zimeshapita. Mipangilio yake ina sehemu ya hifadhi na data, na ukiingia kusimamia hifadhi inakuwekea peke yake mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Haya ya pili nilifuta bila kuyafungua. Ya wateja niliyapitia moja moja, kwa sababu video ya zamani ya WhatsApp ukishaifuta usitegemee kuipakua tena. Telegram ni tofauti, ukisafisha kashe yake video inabaki kule kwenye seva, yaani kompyuta za Telegram zenyewe, unaivuta siku ukiitaka. Halafu kwenye WhatsApp nikazima upakuaji wa video wa kujiendesha wenyewe.

Sasa zile picha za bibi. Kijana aliniuliza kama nilimwaga kapu la taka. Kapu gani? Kumbe galari ikifuta picha inaiweka kwanza pembeni, kwa simu nyingi siku 30, na muda wote huo picha inaendelea kula nafasi ileile. Ndiyo maana kule shambani kamera iligoma hata baada ya kufuta. Alifungua kapu, na bibi alikuwemo, na karanga zake na ungo wake, zimebaki siku 26. Tukamrudisha.

GB 14 zilipatikana jioni ile. Kuflashi kusingekosa kunipa nafasi, ila ningelipia elfu kumi na tano ili nimpoteze bibi.

Asubuhi yake mwanangu akachukua simu kama kawaida, akakaa mlangoni, akapekua, akaja jikoni kaishika kwa mikono miwili.

"Mama, katuni zimeenda wapi?"

Nilimpakulia mbili. Moja ameshaiona labda mara arobaini, na ndiyo hiyohiyo aliyoitaka.