Kufundisha riwaya za kumbukumbu ya kurithi: jibu kwa mwenye darasa la mwaka wa pili

Mkuu, umeuliza utafundishaje Petit pays, riwaya ya Gaël Faye kuhusu kumbukumbu ya kurithi (ya mambo ambayo mtu hakuyaona bali alipokea kutoka kwa jamaa zake), kwa wanafunzi 40, wiki nne, bila darasa kugeuka matanga wala ubishi wa nani alianza.

Shida kubwa huanza pale riwaya hii inapofundishwa kama kitabu cha historia ya 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari Rwanda. Gaby, mtoto aliye mhusika mkuu, yuko Bujumbura, Burundi. Mauaji ya Rwanda hayaoni. Yanamfikia kupitia wakubwa, na mwishowe kupitia mama yake, Yvonne, anayerudi kutoka huko akiwa si yule aliyeondoka. Tena anayesimulia ni Gaby mtu mzima, yuko Ufaransa. Kwa hiyo kila ukurasa uulizwe swali moja: huyu amejuaje?

Historia ipe saa mbili, isizidi. Andika ubaoni 1959, 1963 na 1973 (Watutsi kushambuliwa na kukimbia Rwanda), Oktoba 1990 (waasi wa RPF, wengi wao watoto wa wakimbizi hao, kuingia Rwanda), Oktoba 1993 (kuuawa kwa Ndadaye, rais wa Burundi), kisha Aprili hadi Julai 1994 (mauaji ya kimbari). Asiyejua mawimbi ya wakimbizi wa Kitutsi ya kuanzia 1959 hataelewa kwa nini Yvonne amekulia Burundi, ataona kama urithi wa familia hii ulianza 1994. Siku hiyo hiyo weka jina sawa: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kama unavyosema Umoja wa Mataifa, si “vita vya makabila”. Sema pia kwamba Wahutu waliopinga mauaji nao waliuawa. Akijitokeza wa kukana, usimfungulie mdahalo. Mpe hukumu ya Akayesu, meya aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa ya Rwanda, Arusha, 2 Septemba 1998, aisome kwanza.

Wiki ya pili ndiyo moyo wa somo. Chukua sehemu ambapo Yvonne anamwamsha Ana, dada mdogo wa Gaby, usiku na kumsimulia yaliyowapata watoto wa jamaa yake huko Rwanda. Toa nakala ya kurasa mbili tatu tu. Wasome kimya: ukisoma kwa sauti, mwenye kuguswa hana pa kujificha, na wengine wataanza kusikiliza sauti yako badala ya matini. Kisha watatu watatu, dakika 25, wachore safu nne: alichoona, alichoambiwa, alichokisia, alichokuja kuelewa ukubwani. Safu ya kwanza itakuwa karibu tupu kwa yote yanayohusu Rwanda, na hapo ndipo mjadala unapoanza. Baada ya hapo wahamishe kwa Ana. Hakuomba kusimuliwa, na kwa umri wake hawezi kukataa. Wanafunzi wengi huja wakidhani kumbukumbu ya kurithi ni kama shamba la babu, kitu unachokabidhiwa kwa heshima; tukio hili linawaonyesha urithi unaoingia kwa nguvu.

Wiki ya tatu weka kinyume chake, ukimya. Katika Jacaranda (2024) ya Faye huyo huyo, Milan anakulia Ufaransa na mama Mnyarwanda asiyesema lolote; 1994 anaiona kwenye televisheni. Ukiwa na nafasi, ongeza mwisho wa juzuu la kwanza la Maus, hadithi ya katuni ya Art Spiegelman kuhusu wazazi wake walionusurika mauaji ya Wayahudi: baba anakiri amechoma shajara za marehemu mkewe, na mwana anamwita muuaji. Hapo kinachorithiwa ni pengo. Mambo ya paka na panya (humo Wajerumani wamechorwa paka, Wayahudi panya) yape dakika kumi uyafunge, la sivyo yatakula kipindi. Na akianza mtu kupima nani aliteseka zaidi, mrudishe kwenye safu zake.

Picha za mafuvu na video, hapana. Ukizionyesha, riwaya haitajadiliwa tena.

Sasa wanafunzi wenyewe. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi, na humo walikuwemo wahusika wa mauaji. Vyuo vyetu vina watoto wa manusura, wa wakimbizi, na pengine wa waliotenda. Kwa kumtazama mtu hutajua. Usiulize nani ana asili ya Rwanda, wala usimgeuze yeyote mtaalamu wa darasa. Tangaza kurasa nzito wiki moja kabla, uwe na kifungu mbadala bila kudai sababu. Wiki inayoanza 7 Aprili iruke. Ni wiki ya maombolezo ya mauaji hayo.

Kazi ya “jifanye manusura, andika shajara” iache kabisa. Utapokea sinema, na alama zitamwendea aliyemwaga damu nyingi. Bora insha ya maneno 1,200 juu ya kifungu kimoja: ushahidi wa matini alama 40, hoja ya jinsi habari ilivyopita kutoka kizazi hadi kizazi 30, muktadha 20, lugha 10. Mwanafunzi akitaka kuhoji wazee wake, aombe ridhaa yao kwanza, na wewe usahihishe uchambuzi peke yake. Mahojiano yabaki kwake, hata kwenye faili la idara yasiingie.