Maswali Yenu: Jengo gani kongwe kuliko yote?

SUALI: Assalaam alaykum. Barazani kwetu Kikwajuni tunabishana wiki nzima sasa, mmoja anasema jengo la zamani kuliko yote Zanzibar ni Beit al Ajaib, mwengine kashikilia Ngome Kongwe. Nani mkweli?

JAWABU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Wote wawili wamekosa, ila huyo wa Ngome kakaribia kidogo. Beit al Ajaib ni ya juzi tu, kaijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, na bado tunakumbuka Disemba 2020 upande mmoja ulivoporomoka watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Ngome waliijenga Waomani baada ya Mreno kutolewa mwisho mwisho wa karne ya 17, tena pahala palipokuwa na kanisa la hao hao Wareno. Kwa hapa mjini sawa, ni kongwe, lakini Zanzibar haikuanzia Shangani.

Shika njia ya kusini mpaka Kizimkazi Dimbani. Msikiti ule kwa nje unaweza kuupita usigeuke hata shingo, paa la bati, kuta nyeupe, basi. Omba ruhusa kwa wenyewe kwanza maana watu wanasali mle mpaka leo, halafu ingia utazame kibla, pale anaposimama imamu. Kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa zamani, yamechongwa kwenye matumbawe, herufi zimesokotwa na maua, na yanataja Mfunguo Pili, yaani Dhulqaada, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mie mara ya kwanza nilisimama pale nikawa nahesabu tu, miaka zaidi ya 900, na watu wanaelekea kibla kile kile!

Sasa hapo barazani atatokea mtu aseme msikiti wenyewe si wa 1107, na hajakosea, kwa sababu sehemu kubwa ya kuta ilijengwa upya karne ya 18. Lakini kwangu mie hilo halipunguzi kitu. Mafundi walokuja kujenga upya wangeweza kuvunja kila kitu watie vipya vya mtindo wa zama zao, wao wakayatunza maandishi ya wazee, na mpaka leo yapo kiblani. Kama hamtaki kuuita jengo la 1107, yaiteni maandishi tu, ila kwa tarehe iloandikwa kwenye jiwe lenyewe yanaishinda Ngome kwa karibu miaka 600.

Na kuna miji mikongwe zaidi, Unguja Ukuu watu wakiishi na kufanya biashara za mbali tokea kabla ya mwaka 800, ila nyumba za udongo na miti hazisubiri mtu.

SUALI: Na sisi Pemba je, mbona hatutajwi? Halafu kijijini kwetu kuna gofu la msikiti linabomoka, vijana wanataka kulipiga saruji lisianguke, ni sawa?

JAWABU: Pemba mna hazina nyie, basi tu hamwendi kuziangalia! Ras Mkumbuu kuna gofu la msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo, yale yalosimamishiwa nguzo ya mawe, ya karne ya 14 hivi, na Pujini kuna ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume, yule mtawala ambae wazee wanahadithia akiwachukuza watu mawe huku wanasota kwa makalio.

Kuhusu saruji, waambieni vijana wasubiri, nakuombeni sana. Kuta zile ni mawe na chokaa, zinanyonya maji ya mvua halafu zinayatoa taratibu, ukizifunga kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inakula chokaa, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na jiwe lake. Kateni miti ilootea ukutani, msiing'oe na mizizi maana itatoka na mawe, halafu pelekeni habari kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale waje waangalie kabla masika hayajaingia.